Shoga, mioyo yako umeichora kurasa sizo

Tanga, Jumamosi usiku

Shoga yangu,

Salamu nitakupa mwishoni nikishapoa. Kitabu kilifika Jumatatu. Kondakta alinipigia simu magharibi, nikakifuata stendi na kanga yangu ya nyumbani, nikakuta umekizungushia selotepu utadhani umetuma sahani za kaure. Asante. Sasa kaa chini tugombane.

Ningeweza kukurekodia sauti kwenye simu, lakini nakujua. Ungesikiliza sekunde 20 za mwanzo, ukaanza kunijibu juu kwa juu, tukaishia kuzungumzia harusi ya watu. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Naichomeka humu humu ndani ya kitabu, uikute kabla hujaanza kukikumbatia.

Basi, hiki Fourth Wing chako, cha Rebecca Yarros, hadithi ya binti Violet anayetupwa chuo cha vita cha Basgiath awe mpanda majoka. Nimekimaliza. Kurasa karibu 500 kwa usiku nne, mbili kati ya hizo kwa tochi ya simu maana umeme ulikatika. Jumanne niliunguza maharage. Usifikiri yalishika chini kidogo. Ni ule moto wa kulowesha sufuria siku mbili na kukwangua kwa mchanga, na baba watoto akala mkate kwa chai huku akinitazama bila kusema neno, ambayo ni mbaya kuliko kusema. Kwa hiyo usije ukaniambia sikukipa nafasi. Nilikipa mpaka jirani akaja kuuliza moshi wa nini. Na ndiyo maana nina hasira. Kitabu kibovu moja kwa moja ningekifunga ukurasa wa 30 nikalala zangu. Hiki kina mali ndani, halafu mwenye mali ameikalia.

Nianze na kalamu yako ya pinki. Umechora mioyo pembezoni mwa kurasa kama mtoto wa darasa la sita. Mimi ni mtu wa masjala, nikaihesabu: 34. Mioyo 27 iko pale Xaden, huyo kijana atakayekuwa mpenzi wake Violet, anapotokea bila shati, au ameegemea mlango, au anamnong'oneza mtu sikioni, au anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mwenzangu, huyu kijana hana uti wa mgongo? Kila mlango anauegemea. Kila ukuta. Ningekuwa mkuu wa chuo kile cha Basgiath ningemkata mshahara kwa kuchafua rangi.

Tena tunaambiwa ni mtu hatari. Baba yake aliongoza uasi akauawa, na jenerali aliyeusambaratisha uasi huo ni mama yake Violet, kwa hiyo kijana ana kila sababu ya kumzamisha huyu binti. Sawa, nimekaa mkao wa kula. Violet ananiambia sura ya kwanza ataniua. Ya pili, ataniua. Ya tano, anaweza kuniua sasa hivi, na macho yake jamani yana chembechembe za dhahabu. Hamuui. Hamkwaruzi hata ukucha. Kufika sura ya kumi nilikuwa namwambia kwa sauti, "Muue basi tupumzike!"

Unamkumbuka Nunda mla watu? Edward Steere, yule mmisionari Mwingereza, aliichapisha ngano ile mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, na bibi yetu wala hakuwahi kumsikia huyo Steere lakini alikuwa nayo yote kichwani. Nunda anaanza paka tu wa sultani, anakula kuku. Watu wanashtaki, sultani anasema paka wangu na kuku wangu, shida iko wapi. Kisha mbuzi, kisha ng'ombe, kisha watu, kisha watoto wa sultani mwenyewe. Hakuna mahali bibi alipotuambia "Nunda ni hatari." Alikuwa anahesabu tu waliokwisha liwa, na sisi tunasogeana kwenye mkeka. Xaden hajala hata kuku.

Halafu umeruka ukurasa ambao ningekuwa na kalamu yako ningeupaka wote. Tandiko.

Violet viungo vyake vinateguka ovyo. Bega linatoka, goti linatoka, kila asubuhi anajizungusha bendeji kabla ya kuvaa. Hawezi kukaa juu ya mgongo wa joka kwa nguvu za mapaja kama wenzake. Anaporomoka hewani, na Tairn, joka lake, anageuka kumdaka kama mtu aliyeangusha funguo. Hapo Xaden, badala ya kuegemea kitu, anakaa anatengeneza tandiko. La kumtosha yeye, lenye kamba za kumshika pale mwili wake unapomwacha. Shoga, hilo ndilo penzi! Mtu ameona unaanguka wapi, akaenda kutafuta ngozi. Siku ile bega langu lilipoteguka kwa kunyanyua boksi la majalada, watu wa ofisini walinipa pole kumi na tano, na mmoja tu, mzee wa ulinzi, alikwenda kunikatia kitambaa cha kufungia mkono. Hao kumi na tano sikumbuki walisema nini.

Tandiko limepewa kurasa chache mno. Kabati linalovunjwa siku wanapolala pamoja, na radi inayopiga nje kwa raha za binti, vimepewa sura nzima, na wewe umeweka mioyo minne mfululizo. Sina ushamba wa mambo hayo, nimeolewa miaka 14. Ila nilicheka. Nilicheka mpaka nikajifunika mto nisimwamshe mtu. Na lile la majoka wao wawili kuwa mke na mume, kwamba wakishikwa na ashiki basi wapanda majoka nao wanashikwa bila kutaka, usinieleze kama jambo jipya. Anne McCaffrey alishalitumia tangu mwaka 1968. Mimi halinipendezi hata kwake. Kama ni joka linalomtamani mwenzake, basi hao wawili wamefanya nini cha kusifiwa?

Ngoja nimsifu Tairn, nisije nikaonekana mchawi. Yule mzee mweusi nampenda. Hana maneno mengi, ana kiburi, hataki kuitwa kwa vijina, anamjibu Violet kama babu anayeombwa hela ya pipi. Jina lake refu, Tairneanach, ni ngurumo ya radi kwa Kigaeli cha Uskoti. Kwa hiyo anayejua lugha hiyo alishajua mapema binti atapewa kipaji gani, cha kuita radi. Hilo nimelipenda, kitu kimewekwa mezani wazi na hakuna aliyekishika mkono akakuonyesha. Na Andarna, yule joka mdogo wa dhahabu ambaye Violet anasimama kumkinga dhidi ya vijana watatu wenye mapanga wakati yeye mwenyewe goti halijatulia. Pale niliacha kulalamika kabisa. Nilikaa kitako kitandani.

Unajua kinachoniudhi? Binti huyu mwandishi wake alimpa maradhi anayoyajua. Yarros mwenyewe amesema anaishi na Ehlers-Danlos, maradhi ya viungo kulegea, na Violet ana hali ya namna hiyo. Inaonekana. Zile sehemu za bendeji, za kupanga asubuhi yako kufuatana na kiungo gani kimekataa leo, zimeandikwa na mtu anayejua. Na pale anapogundua mapema atapigana na nani, akawa anawatilia wapinzani sumu ndogo ndogo kwenye chakula ili wafike ulingoni wamelegea, nilipiga kofi. Huyo ndiye binti niliyemmalizia chaji ya simu. Halafu wanampandisha uwezo, na uwezo juu ya uwezo: joka kubwa kuliko karibu wote, na la pili juu yake, na radi, na kijana anayeogopwa na chuo kizima. Kufika mwisho sumu zile zimesahaulika. Alikuwa mjanja kwa sababu hakuwa na kitu, wakamjaza vitu.

Chuo chenyewe nisikitaje. Wanakuvusha juu ya ukuta mwembamba mvua inanyesha, ukiteleza umekufa. Ukipita hapo kuna vikwazo vya kupanda, ukiteleza umekufa. Majoka wanaweza kukuchoma kwa kutokupenda uso. Kila asubuhi wanasimama mstarini yanasomwa majina ya waliokufa. Siku ya kwanza ilinishika koo. Ya nne nikaanza kujiuliza maswali ya ofisini. Nchi iko vitani karne na karne, wapandaji hawatoshi, halafu mnawamwaga vijana wazima ukutani kama maji ya kuoshea vyombo? Na viatu vyao nani anavisaini? Maana mtu akifa kwetu hata kalamu ya serikali aliyoazimwa inaulizwa.

Dain, rafiki wa Violet wa utotoni, nitampitia haraka kwa kuwa najua tutagombana. Simtetei. Kumgusa mtu shavuni ukamsoma kumbukumbu zake bila ruhusa ni wizi, na wizi huo uliua watu. Ila mwandishi alimtia upumbavu makusudi tangu mwanzo ili mwenzake ang'ae. Kila akifungua mdomo ni rudi nyumbani, huwezi, utakufa. Mtu aliyekua naye tangu utoto hana hata sentensi moja ya kumchekesha? Na huyu mwingine aliyemficha vita nzima, wewe umempa mioyo 27.

Sasa tufike penyewe, hapa ndipo nilipokiweka kitabu chini nikaenda kunywa maji.

Violet hakulelewa awe mpanda joka. Baba yake alikuwa karani wa kumbukumbu, akamfundisha kazi hiyo miaka yote, akafa. Mama mtu ndiye aliyemtoa kwa nguvu kwenye makaratasi akamtupa kwenye majoka. Binti akiogopa anajisomea historia kimoyomoyo, mwaka gani, mkataba gani, mpaka wa nani, kama sisi tunavyosoma Ayatul Kursi tukipita njia yenye giza. Nilipoona hivyo nikasema huyu ni wangu. Karani vitani! Nani aliwahi kutuandikia sisi?

Wewe hujui masjala, nikueleze kidogo. Karatasi ikiingia kwenye jalada inapewa namba ya folio, juu kwenye kona ya kulia, kwa kalamu nyekundu. Ukiinyofoa ya 13, ya 12 na ya 14 zinakushtaki. Ukizifuta namba uandike upya, wino unakushtaki. Ukiliiba jalada zima, rejista inabaki na pengo lenye tarehe na saini ya aliyelichukua. Niliwahi kushika jalada moja la kiwanja, folio zinaruka kutoka 21 hadi 24. Hakuna aliyeniambia kitu. Nililishika tu, likawa jepesi mkononi kuliko unene wa kava lake ulivyoonyesha, nikajua kuna nyumba ya mtu imeliwa. Sikulala siku ile, na wala halikuwa na mapenzi ndani yake.

Sasa huyu binti. Nchi yake imeficha kwenye vitabu vyote kwamba wale venin, watu wanaofyonza nguvu ardhini mpaka ardhi inakufa kijivu, wapo kweli. Wamebakizwa kwenye ngano za kulazia watoto. Viongozi wanajua, wamejifungia ndani ya kinga zao, nje jirani anateketea. Kikulacho ki nguoni mwako, tena nguo yenyewe ni sare aliyoivaa. Kisa gani kikubwa kuliko hicho? Na dalili zimemzunguka. Kitabu cha ngano alichoachiwa na baba yake, akikiomba makavazini hakipo. Hakipo! Makavazi makuu ya nchi, na binti aliyekulia kwenye vumbi lake! Mimi nilisimama kitandani. Nikasema sasa ataomba rejista, atatazama pengo, atahesabu folio. Anafikiri kidogo, halafu Xaden anapita.

Mwenzangu, kurasa kumi na tano tu za mabega ya Xaden zingekatwa, zikapewa karani mmoja na taa na rejista kuu. Angeweza kuupata ukweli mwenyewe, kwa kazi aliyofundishwa na baba yake, kwa woga wa mtu anayesoma jina la mama yake kwenye safu ya saini. Badala yake ukweli unamjia mwishoni kabisa, anaelezwa na mpenzi wake, wakiwa safarini, na baada ya hapo hakuna muda maana mapambano yameanza. Binti wa vitabu amesimuliwa! Na kinachomuuma zaidi pale si miaka mia kadhaa ya uongo wa nchi, ni kwamba yeye hakuambiwa mapema. Ninamwelewa, nimewahi kufichwa na mwanamume. Lakini mimi sikuwa na makavazi.

Liam ndiye aliyenitoa machozi, nakiri, ushindi wako huo chukua. Yule kijana aliyepewa kazi ya kumfuata Violet kila hatua, akawa anakaa pembeni anachonga vinyago vya mbao. Hakuegemea kitu. Hakutishia mtu. Joka lake lilipouawa nikajua naye anakwenda, nikafunga kitabu kidogo nikakifungua tena. Ukurasa ule umeuacha mweupe, hata doa. Mimi nimekuwekea alama ya penseli, ndogo, usinifokee, inafutika.

Na kaka yake Violet kuibuka mzima mwishoni, yule Brennan aliyeliliwa kitabu kizima! Nilijua kuanzia kati. Ukitaja marehemu mara nyingi vile bila kuonyesha kaburi, mtu wa masjala anauliza cheti cha kifo kiko wapi.

Najua si wewe peke yako. Cha tatu, Onyx Storm, kilipotoka Januari 2025 kiliuzwa zaidi ya nakala milioni 2.7 wiki ya kwanza tu, na mfululizo wenyewe umepangwa ufike vitabu vitano. Watu hao wote si wajinga. Nadhani wanataka kile kile nilichokitaka usiku wa Jumanne maharage yakiungua, kwamba mtu mwenye mwili unaomsaliti apande juu ya kitu kikubwa kiasi kile na asianguke. Hilo kitabu kinalitoa, tena kwa mkono mpana. Mimi nilitaka na jalada juu yake.

Cha pili usinitumie kwanza. Subiri mwezi wa mitihani upite, na ninunue sufuria.

Haya, salamu sasa. Sisi wazima, mvua imeanza, mapaa yanavuja pale pale pa mwaka jana. Msalimie mama, mwambie dawa ya kuchua niliipata na inafanya kazi. Watoto wabusu. Hiyo kalamu ya pinki ifiche.

Ni mimi shoga yako mwenye masjala.

N.B. Mtoto wa dada yangu yuko hapa likizo, ndiyo kwanza kidato cha pili, na ana jicho la kutembea. Kwa hiyo zile sura za kabati nilizibana kwa pini tatu za ushungi tangu Jumatano, nikamwambia kurasa hizo zimeng'oka gundi. Leo nafungasha nimekuta pini zote tatu zipo mahali pake. Ila mimi huchomeka vichwa vikitazama juu, na hizi zinatazama chini.